Kumbukumbu Iliyokaa Bure

Kompyuta ya Kondo ilitoka ofisi moja kule Posta,
ikashushwa Tandika kwa toroli, haina mfuniko,
na ndani yake diski ya sahani, nzito kama tofali,
inayozunguka ikikohoa
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani
huku mgeni anabisha.

Januari, fomu za kidato cha kwanza.
Foleni imepita duka la nafaka, imekunja kona kwa muuza betri,
na Kondo, kidole hewani, anangoja faili lifunguke.
"Fundi," akanipigia, "njoo uiue hii au uniue mimi."

Nikafungua ubavu. Vumbi, mende mkavu mmoja,
na vijiti viwili vya kumbukumbu, gigabaiti kumi na sita;
aliyeziagiza mwanzo sijui alitaka kurusha nini angani.
Kondo anatumia tatu. Nyingine zimekaa
kama vyumba vya wageni kwa tajiri wa Masaki:
kitanda kimetandikwa, hakuna anayelala.
Akiba haiozi, tulifunzwa.
Hii inaoza kila siku saa ya kufunga duka,
bila kunuka.

Nikamweleza kwa lugha ya hapo mlangoni.
Mtazame Mama Sikudhani wa vitumbua:
noti kubwa ziko sandukuni, nyumbani, uvunguni;
chenji iko pindoni mwa khanga.
Ukimpa elfu mbili hakimbilii nyumbani.
Anafungua fundo, anakupa, anafunga.
Basi nami nitakata gigabaiti nane, nizifanye fundo:
mkataba wa pango, barua ya serikali ya mtaa,
fomu, kadi ya harusi yenye njiwa wawili,
vyote viombwavyo kutwa vikae hapo.
Mara ya kwanza diski itakohoa.
Mara ya pili haitaulizwa.

Ikawa. Foleni ikayeyuka kabla ya adhuhuri.
Kondo akanunua soda mbili, kwa furaha akanywa zote.
Nami kichwa kikavimba. Nikaongeza:
hata yanayoandikwa yasishuke mara moja,
yakae fundoni, yateremke baadaye, kwa nafasi.
Hapo kila kitu kikawa chepesi kama uongo.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, umeme ukakatika.
Si kwa kishindo. Feni ilipunguza maneno, ikanyamaza.
Bi Mwanakheri alikuwa amesimama kaunta,
orodha ya rambirambi za mumewe imechapwa yote,
majina arobaini na matatu na kila mmoja alichotoa;
vikaratasi vyake vimeshaingia pipani, na pipa limeshabebwa.
Kondo alikuwa amebonyeza hifadhi.
Skrini ilikuwa imesema tayari.

Umeme ulirudi saa mbili. Tukafungua: ukurasa mweupe.
Fundo lililegea gizani, chenji ikamwagika mchangani.

Hakulia. Akaomba kigoda.
Akafumba macho, akaanza kupita nyumba kwa nyumba:
kwa Pazi, elfu tano, na mchele kilo mbili.
Kwa mwenye mashine ya kusaga, elfu kumi.
Wale wapangaji wa chumba cha uani hawakuwa na kitu, walichota maji.
Andika maji, Kondo.
Hakuruka mlango hata mmoja. Kwenye nyumba iliyovunjwa
alisimama kidogo, kama anayevua viatu,
kisha akaendelea.
Mimi nyuma ya mashine, na bisibisi isiyo na kazi.

Usiku huo nikabadili mpangilio.
Kusoma, soma fundoni, kimbia utakavyo.
Kuandika, shuka mpaka kwenye sahani,
na asitamke mtu tayari kabla sindano haijamaliza.

Sasa ukibonyeza hifadhi kuna kimya kidogo,
pumzi mbili, tatu,
na chini ya meza mkwaruzo
wa kitu kizee kinachoandika.
Wateja huguna. Kondo huguna.
Mimi huinamisha sikio.